Nilipopima Mgao wa Umeme

Baba yangu alikuwa fundi redio pale Ngamiani, Tanga, na kazi ya kwanza aliyonipa, nikiwa na miaka 11, ilikuwa kuchambua ulanga. Ulanga ni yale madini yanayong'aa ambayo hutoka tabaka kwa tabaka kama kurasa za msahafu wa kale. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vyake. Alinipa wembe, akanionyesha pembe ya kuanzia, nikawa natia ncha kwenye ukingo na kubandua polepole mpaka tabaka liachie lenyewe. Ukilazimisha linapasuka. Kipande kinene hakikufaa kitu. Chembamba kupita kiasi kilitobolewa na umeme. Kipimo chake kilikuwa gazeti: anaweka kipande juu ya habari za michezo, na herufi zikisomeka bila kukunja uso, basi kimefika.

Vipande hivyo vilikaa chini ya transista kubwa za amplifaya, hasa zile tulizoziita 3055, zenye umbo la kofia ya chuma na matundu mawili ya skrubu. Gamba la transista ile ni mguu wake mmojawapo, umeme unapita humo. Ukilifunga moja kwa moja kwenye bati la kupozea, umeme unakimbilia kwenye bodi na fyuzi inakatika. Usipolifunga kabisa, transista inaungua kabla bibi harusi hajaingia ukumbini, na watu wa harusi wa Tanga hawana subira na fundi aliyewazimia taarabu. Basi katikati unaweka ulanga: umeme unakataliwa, joto linaruhusiwa. Pande zote mbili unapaka grisi nyeupe, kidogo sana. Kila mwanafunzi mpya alipaka nyingi, na kila mara baba alisema neno lilelile, "Hiyo si siagi, mwanangu." Kazi ya grisi ni kujaza vijishimo ambavyo jicho halivioni. Ikizidi, yenyewe inakuwa blanketi.

Sikujua kwamba pale kwenye benchi nilikuwa tayari nimeingia kwenye swali litakalonila miaka mitatu ya utu uzima: unawezaje kuruhusu kimoja kati ya joto na umeme, na kumzuia mwenzake mlangoni?

Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov, wakiwa Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, walifanya kazi yangu ya utotoni kwa madini mengine. Wao walichukua kinywe. Hawakutumia wembe bali selotepu, ile ya kubandikia karatasi: unabandika, unabandua, unakunja, unabandua tena, kila mara tabaka linabaki nusu, mpaka unafika kwenye tabaka la mwisho lenye unene wa atomi moja tu ya kaboni. Tabaka hilo ndilo grafini. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Niliisoma habari hiyo kwenye intaneti kafe huko Sinza, Dar es Salaam, na nikacheka peke yangu, hadi kijana wa pembeni akageuka. Baba angewaajiri.

Kinywe si kitu kigeni kwetu. Kiko Mahenge, kiko Lindi, na wachimba tanzanaiti wa Mirerani hutoka mashimoni weusi kwa sababu yake. Kiko pia ndani ya kalamu ya risasi, ambayo haina risasi hata chembe; jina ni kosa la wazee wa Ulaya waliodhani wameona aina ya risasi, nasi tukalirithi. Unapoandika na kalamu hiyo unafanya alichofanya Geim, ila kwa uvivu: tabaka za kaboni zinateleza moja juu ya nyingine na kubaki kwenye karatasi. Ndani ya tabaka atomi zimeshikana kwa nguvu kubwa katika wavu wa pembesita, kila moja ikiwa nanometa 0.142 tu kutoka kwa jirani yake. Kati ya tabaka na tabaka, kushikana ni kwa shingo upande.

Lakini kilichonivuta si selotepu. Mwaka 2008, Alexander Balandin na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, walitandaza grafini juu ya mfereji mwembamba, ikawa inaning'inia kama nguo kwenye kamba, wakaichoma katikati kwa leza na kusoma kutoka kwenye mwanga uliorudi jinsi pale katikati palivyopata moto. Grafini ikipitisha joto kwa wepesi, katikati hapapati moto sana. Hesabu zao zilitoa kati ya wati 4,800 na 5,300 kwa mita kwa kelvini. Shaba, ambayo baba aliiheshimu kuliko madini yote, iko kwenye 400. Almasi iko kama 2,000 na ushei.

Ukubwa wa namba hiyo unashangaza, lakini mimi nilivutwa zaidi na nani anayelibeba hilo joto. Katika shaba, anayebeba joto ni elektroni, na elektroni hiyohiyo ndiyo inayobeba umeme. Mpagazi mmoja, mizigo miwili. Wajerumani wawili, Wiedemann na Franz, waliliona hilo tangu 1853: metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri, na huwezi kumzuia mmoja bila kumgusa mwingine. Ndiyo maana baba alihitaji ulanga, kitu cha kando kabisa. Kwenye grafini mambo ni tofauti. Umeme unabebwa na elektroni, lakini joto, kwa sehemu yake kubwa, linabebwa na mitetemo ya wavu wenyewe. Atomi za kaboni ni nyepesi na vifungo vyake ni vikali, kwa hiyo mtikisiko wa upande mmoja unafika upande wa pili upesi na mbali. Mtikisiko huo, ukiuhesabu kwa vipande vipande kama tunavyouhesabu mwanga, tunauita fononi.

Wapagazi ni wawili, basi. Na palipo na wapagazi wawili unaweza kumwekea mmoja mawe njiani na kumwachia mwenzake barabara.

Jiwe lenyewe ni atomi ngeni. Maabara tunasema kudopu. Nyumbani ningesema kupachika. Unaondoa atomi moja ya kaboni kwenye wavu, unapachika naitrojeni mahali pake. Naitrojeni ina elektroni moja zaidi ya kaboni, kwa hiyo inaongeza wabebaji wa umeme. Ukipachika boroni, ambayo ina elektroni moja pungufu, unaacha pengo, na pengo nalo hubeba umeme kwa namna yake. Ila kwa fononi hao wote ni wageni tu. Naitrojeni ina uzito wa 14 mahali ambapo majirani wote ni 12, na haishikani na majirani kwa ukali uleule. Mtikisiko ukifika pale, unatawanyika.

Kwa nini mtu atake kupunguza upitishaji joto wa kitu kilichosifiwa kwa upitishaji joto? Swali hili nililiulizwa kila mara, mara nyingi na watu walionikopesha hela. Jibu ni kwamba kuna vifaa vinavyogeuza tofauti ya joto kuwa umeme, kazi iliyotokana na jambo aliloligundua Seebeck mwaka 1821. Vifaa hivyo vinataka upande mmoja ubaki wa moto na mwingine ubaki wa baridi huku umeme ukipita kati yake. Joto likivuka upesi, pande zote zinalingana na mchezo umekwisha. Grafini safi haifai kwa kazi hiyo kabisa, sawa na kujaribu kuchota maji kwa chekeche. Hapo ndipo kupachika kunapoingia.

Nilianza tasnifu ya shahada ya uzamili mwaka 2011. Hatukuwa na leza ya Balandin wala chumba cha utupu. Nilikuwa na kompyuta ya mezani, na programu ya LAMMPS, ambayo maabara ya Sandia huko Marekani huitoa bure kwa yeyote. Unaiambia atomi zako ziko wapi, zinavyovutana na kusukumana, nayo inazisogeza kwa sheria za Newton, nusu femtosekunde kwa hatua. Hatua milioni mbili zinakupa nanosekunde moja ya maisha ya kaboni. Ili joto litiririke, nilitumia mbinu ya Müller-Plathe, ambayo bado naiona ni ya kijanja: upande wa baridi unamtafuta atomi mwenye mbio kuliko wote, upande wa moto unamtafuta aliyechoka kuliko wote, unawabadilishanisha mwendo. Hujaongeza nishati wala kupunguza, lakini umebeba joto kwa mkono kutoka huku kwenda kule. Kisha unakaa na kutazama jinsi linavyorudi lenyewe. Mteremko wa halijoto kati ya pande mbili ndio unaokuambia upitishaji: mteremko mkali, njia mbovu.

Mwaka huo ndio ulikuwa wa mgao. Aliyeishi Dar es Salaam 2011 hahitaji kuelezwa. Mtaani kwetu Sinza umeme ulikuja kwa zamu, na zamu yenyewe haikuwa ya kuaminika. Ukienda kununua vitumbua ukirudi feni imesimama. Nilikuwa na betri ya akiba iliyodumu dakika 10, kiasi cha kuzima mashine kwa heshima. Mara mbili uigaji wangu wa atomi ulikufa katikati, na kwa ujinga wa mwanzo sikuwa nimeuagiza uhifadhi hali yake njiani, kwa hiyo nilianza upya. Baada ya hapo nikafanya alichofanya kila mtu mwaka ule: nikakata kazi yangu ilingane na umeme. Kama saa sita ndizo nilizopewa, basi uigaji uishe ndani ya saa sita.

Nikachagua ukanda wa grafini wenye urefu wa nanometa 20 kutoka upande wa moto hadi upande wa baridi, na upana wa nanometa 5. Hiyo ni atomi kama 3,800. Nikapachika naitrojeni asilimia 1, yaani atomi 38, nikizitupa ovyo kama mtu anayepanda mchicha. Usiku nikiwa macho na mshumaa wangu wa akiba, nikitazama taa ya kijani ya kompyuta, niliona mteremko ukitulia. Nikalinganisha na ukanda safi. Upitishaji ulipungua kwa asilimia kumi na kitu.

Nilirudia mara tano, nikizitupa naitrojeni kwa mpangilio mwingine kila mara. Asilimia kumi na kitu. Kitu kikirudi mara tano mtu anaanza kukiamini kama ndugu. Nikaandika kwenye rasimu kwamba athari ya naitrojeni kwa joto la grafini ni ya wastani, hata ndogo. Nakumbuka nilivyojivunia neno "wastani". Nililiona lina unyenyekevu wa kisayansi.

Mwaka 2012 nilipata nafasi kwenye shule ya ASESMA, ile inayozunguka nchi za Afrika tangu 2010 kufundisha vijana kukokotoa tabia za maada kwa kompyuta. Mwaka huo ilikuwa Eldoret. Mtu wa Tanga Eldoret ni kichekesho. Nilivaa sweta mbili na bado nikawa napuliza vidole. Jioni moja tulibandika mabango yetu ukutani, na watu wakawa wanapita wakiwa na vikombe vya chai. Profesa mmoja, mama wa makamo mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba shingoni, alisimama mbele ya bango langu muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hapa umesema naitrojeni haina madhara makubwa," akasema.

"Ndiyo, Profesa. Nimerudia mara tano."

"Ukanda wako una urefu gani, kijana?"

"Nanometa 20."

"Na fononi kwenye grafini safi hutembea umbali gani kabla ya kugonga kitu?"

Hilo nililijua. Lilikuwa kwenye utangulizi wangu mwenyewe, nimelinakili kutoka kwenye kazi za kundi la Balandin. "Kama nanometa 775," nikasema, na nikasikia sauti yangu ikipungua njiani kabla sentensi haijaisha.

Hakucheka. Aliomba kalamu, akageuza ratiba ya siku, akaandika nyuma yake. Vizuizi, alisema, hujumlishwa kwa kinyume: unagawanya 1 kwa umbali wa kila kizuizi, unajumlisha, kisha unageuza tena. Kwa ukanda wangu safi: 1 kwa 775 ni 0.0013, kuta zangu, 1 kwa 20, ni 0.05. Jumla 0.0513. Geuza: nanometa 19.5. Yaani hata kabla ya naitrojeni, fononi yangu iliyopaswa kwenda 775 ilikuwa inaenda chini ya 20 kwa sababu inagonga mwisho wa ukanda. Sasa weka naitrojeni. Akachagua kwamba naitrojeni peke yake inaisimamisha kila nanometa 100, ili hesabu iwe nyepesi. Ongeza 0.01. Jumla 0.0613, geuza: 16.3. Kutoka 19.5 hadi 16.3 ni upungufu wa asilimia 16.

"Si ndiyo uliyopata?" akauliza.

Kisha akafuta kuta. Ukanda mrefu usio na mwisho: safi, 775. Wenye naitrojeni, 0.0113, geuza: 88 na nusu. Upungufu wa asilimia 89.

Naitrojeni ileile. Jiwe lilelile. Nyumba ndogo inasema halina madhara, nyumba kubwa inasema limeua karibu kila kitu.

"Ni kama kupima matuta ya barabarani ndani ya yadi ya gereji," akasema akinirudishia kalamu. "Gari halijapata mwendo. Tuta litakuumiza nini?"

Alipoondoka nilibaki nikitazama bango. Kosa la hesabu ningelisamehe. Nililoshindwa kulimeza ni kwamba urefu ule wa nanometa 20 haukutoka kwenye fizikia yoyote. Haukutoka kwenye kitabu wala kwa msimamizi wangu. Ulitoka kwenye ratiba ya umeme ya Sinza. Ningekuwa na saa 10 za umeme ningechagua ukanda mrefu zaidi na kupata "wastani" nyingine. Ningekuwa na saa 3 ningetangaza kwamba naitrojeni haifanyi kitu. Nilikuwa nimepima mgao, kisha nikaandika juu yake jina la grafini. Na kurudia mara tano, lile jambo nililolitegemea kama ngao, kulinihakikishia tu kwamba mgao ulikuwa uleule mara zote tano.

Bango nililibandua usiku huohuo. Wengine waliniambia niliache, hakuna aliyeona. Aliyeona alikuwa ameshaona.

Kupitia shule ile nilipata ruhusa ya kutumia, kutoka mbali, kompyuta kuu za kituo cha CHPC kilichopo Cape Town, Afrika Kusini. Unatuma kazi kwa intaneti, unalala, mashine inakesha kwa niaba yako huko kusini. Sasa nikaweka ukanda wa 20, wa 50, wa 100, wa 200, na mwisho wa 500, kila mmoja safi na mwenzake aliyepachikwa. Kisha nikachora grafu kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, maana nilikuwa nimepoteza imani na grafu zinazochorwa na kompyuta: kinyume cha upitishaji kwenye mhimili mmoja, kinyume cha urefu kwenye mwingine. Ukiunyoosha mstari mpaka urefu uwe bila mwisho, unasoma thamani ya kweli pale unapogusa mhimili. Mstari wa ukanda uliopachikwa uligusa juu, mapema, bila wasiwasi. Mstari wa ukanda safi ulikuwa unaelekea chini kabisa karibu na sifuri, mahali ambapo unene wa ncha ya kalamu unatosha kubadilisha jibu. Nilichonga kalamu mara kadhaa usiku ule. Hata hivyo jambo moja lilikuwa wazi: kwa naitrojeni asilimia 1, zaidi ya nusu ya upitishaji ilikuwa imepotea, na makundi mengine yaliyofanya uigaji kama huo yalikuwa yanachapisha upungufu wa aina hiyo.

Wenye kupima kwa mikono walilijua tatizo la urefu vizuri kuliko sisi wa kompyuta. Mwaka 2014 kundi moja lilichapisha vipimo vya grafini inayoning'inia yenye urefu hadi maikrometa 9, mara 450 ya ukanda wangu wa Sinza, na upitishaji ulikuwa bado unapanda kadiri urefu unavyoongezeka. Niliposoma hilo nilihisi faraja isiyo ya haki, kama mtu aliyefeli anayesikia mtihani ulikuwa mgumu.

Nikiwa nimepata mashine ya kunivumilia, nilijiruhusu uchunguzi mmoja wa utundu. Naitrojeni inasumbua kwa njia mbili, uzito wake na vifungo vyake. Ipi inasumbua? Maumbile hayatakutenganishia, lakini kompyuta inakubali uongo wowote. Nikaunda naitrojeni bandia yenye uzito wa 14 na vifungo vya kaboni, kisha kaboni bandia yenye uzito wa 12 na vifungo vya naitrojeni. Kila moja peke yake iliharibu njia. Pamoja ziliharibu zaidi.

Mwaka 2012, mwaka uleule wa Eldoret, watu walikuwa wamefanya nusu ya uongo wangu kwa atomi za kweli. Kaboni ina isotopu mbili za kudumu: kaboni-12, na kaboni-13 ambayo ni kama asilimia 1.1 ya kaboni yote, iwe ya kinywe, ya mkaa au ya muhogo. Kemia yake ni moja, elektroni zake ni zilezile. Moja ina neutroni ya ziada tu. Kundi lililokuwa na Rodney Ruoff lilikuza grafini ambayo karibu yote ni kaboni-12, ikiwa na kaboni-13 ya asilimia 0.01 tu, na nyingine ambayo ni nusu kwa nusu. Ile safi ilipita wati 4,000 kwa mita kwa kelvini, zaidi ya mara mbili ya ile iliyochanganywa. Tofauti ya uzito wa 1 kwa 12 imetosha. Na usumbufu wa uzito hukua kwa mraba wa tofauti, kwa hiyo naitrojeni, yenye tofauti ya 2, ni sumbufu mara nne kwa kila atomi, kabla hata hujaanza kuhesabu vifungo.

Kupachika kuna mpaka wake, na mpaka huo niliuelewa nikiwa gatini Tanga, si kwenye karatasi. Simama kwenye nguzo za gati bahari ikiwa imetulia. Viwimbi vidogo vinavyoletwa na upepo vinagonga nguzo na kusambaa pande zote. Wimbi refu linalotoka bahari kuu linapita nguzo kama halijaiona. Fononi ni hivyohivyo: zenye mawimbi mafupi zinatawanywa vibaya na atomi moja ngeni, zenye mawimbi marefu zinapita. Ni hesabu ileile ya Rayleigh inayofanya anga kuwa la buluu. Unaweza kumwaga naitrojeni upendavyo, bado mawimbi marefu yatasafirisha joto lako. Kuyazuia unahitaji vizuizi vya ukubwa wake, kama mishono kati ya vipande vya wavu, au kuufanya ukanda wenyewe kuwa mwembamba. Anayetaka kudhibiti joto kwa dhati hupanga vizuizi vya saizi zote pamoja.

Kinachoiumiza grafini bila kuombwa ni kuguswa. Mwaka 2010 watafiti wa Texas waliilaza juu ya silika, kama inavyolazwa kwenye vifaa vya elektroniki, na upitishaji ukashuka hadi kama 600. Hakuna aliyepachika kitu, imelazwa tu. Sehemu kubwa ya joto la grafini inabebwa na mitetemo ya kupanda na kushuka, kama turubai kwenye upepo, na turubai likilazwa sakafuni halipepei tena. Namba zile za maelfu zinazotajwa kwenye magazeti ni za grafini inayoning'inia hewani. Simu za Huawei Mate 20 X zilipotoka mwaka 2018 zikitangazwa kuwa na filamu ya grafini ya kupozea, nilijikuta nawaza kilicho chini ya filamu, kilicho juu yake, na aliyepaka grisi kama alipaka nyingi.

Tasnifu niliiandika upya karibu yote. Sentensi yenye "wastani" ilitoka. Jedwali la nanometa 20 nililiacha kwenye sura ya tatu pamoja na hesabu ya nyuma ya ratiba, ingawa msimamizi wangu aliona linanidhalilisha.

Mwaka 2013 nikaipeleka nakala yenye jalada jekundu Ngamiani. Baba alikuwa ameacha harusi, sasa anatengeneza zaidi chaja na redio za watu wazima wenzake, lakini siku hiyo kulikuwa na amplifaya ya zamani imefunguliwa mezani. Alifungua kitabu, akatazama picha ya wavu wa pembesita, akakifunga kwa adabu, akakiweka mbali na grisi.

"Sasa huo ukaratasi wako," akasema, "nikiuweka chini ya 3055?"

"Fyuzi itakatika, baba. Unapitisha umeme."

"Hata ukishautia hizo naitrojeni zako?"

"Ndiyo utapitisha zaidi."

"Na joto?"

"Joto utazuia."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwana aliyesomeshwa kwa gharama kubwa kutengeneza mwavuli unaovuja. Kisha akasukuma kopo la maziwa ya unga upande wangu. Bado lilikuwa lilelile, limeota kutu kwenye mdomo. Nikachagua kipande, nikatia ncha ya wembe kwenye ukingo, nikabandua. Mikono ilikuwa imesahau. Tabaka la kwanza likapasuka. La pili likatoka zima. Baba akalichukua kwa ncha za vidole, akaliweka juu ya gazeti, akainama kusoma.

"Bado nene," akasema.